Siku Jumuiya Ilipoiombea Kompyuta

Kompyuta ile niliiunga mimi, kwa mikono hii hii inayochambua maharage sokoni Kasulu. Nikisema hivyo watu wananiangalia wakisubiri nicheke. Sicheki. Niliiunga mwanzo hadi mwisho, skrubu kwa skrubu, na ikawaka. Aliyekuwa akinielekeza alikuwa amelala ubavu kitandani kwa sababu kukaa hawezi tena, naye alikuwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Alifanya kazi Kibondo kwa mkandarasi mmoja aliyejenga madarasa na zahanati vijijini, na kila mwisho wa wiki alirudi kwetu Heru Juu. Jumamosi moja bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye kokoto. Dereva akaamka, akajipangusa vumbi, yeye hakuamka. Uti wa mgongo. Hospitali ya rufaa walimlaza, wakampiga picha, wakamrudisha, na daktari mmoja mwenye haraka zake akaniambia kwenye korido kwamba miguu haitarudi. Aliniambia huku anatembea. Nilitamani nimvute koti.

Kumgeuza, kumwosha, kumfunga vidonda, hayo yote nilikuwa nayaweza. Kilichonishinda ni kimya chake. Yule mtu alikuwa na maneno jamani, alikuwa akinisimulia nyumba ambazo hazijajengwa kama anasimulia mpira. Sasa siku nzima anatazama mabati. Akifungua mdomo ni kuniambia, "Rudi kwenu. Wewe bado kijana, utaolewa." Nilimtukana. Ndiyo, nilimtukana mgonjwa, tena bila kupunguza sauti. Akageukia ukutani, na kuanzia hapo akawa anaacha chakula. Mgonjwa haulizwi uji, basi nikawa simuulizi, namnywesha tu, na yeye anautema taratibu kwenye kanga yangu bila ugomvi wowote.

Halafu bosi wake wa zamani akapiga simu. Niliiweka sauti ya juu, nikaishika karibu na sikio lake. Bosi akasema amepata kazi kubwa, shule nzima yenye bwalo, na wafadhili wanakuja kuangalia. Siku hizi wafadhili hawataki ramani ya karatasi. Wanataka kuliona jengo kwenye kioo, waingie mlangoni, wapite darasani, waone jua linavyoingia dirishani, kama filamu. "Ukiweza kunitengenezea hiyo," akasema, "basi kazi yako ipo. Utaifanyia hapo hapo kitandani. Miguu yako siihitaji, nahitaji kichwa."

Simu ilipokatika mume wangu aliomba uji. Aliuomba mwenyewe. Nilitoka nje kwenda kuukoroga, nikalia jikoni kwa nguvu mpaka moshi ukasingiziwa. Toka siku ile nilijua jambo moja bila kuambiwa: kazi hii ikifanikiwa nina mume, ikishindikana sina.

Alikuwa na kompyuta ndogo ya kukunja, kuukuu, ya kuchorea mistari. Tulipoijaribu na michoro ya shule iliganda, ikapata moto, ikajizima. Akasema hii kazi inataka kompyuta ya mezani yenye nguvu, na iliyokamilika hatuiwezi. Tutanunua kipande kipande, tutaiunga wenyewe. Mimi nikauliza wenyewe ni nani. Akanitazama mikono.

Hapa lazima nimlete mama yake. Mama mkwe wangu aliishi Nyakitonto kwenye shamba lake, na ng'ombe wake mmoja, lakini mwanawe alipoanguka alifunga nyumba akaja kukaa nasi. Alizaliwa Burundi, akavuka mpaka akiwa na watoto, akaishi kambini, akapata uraia akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake mpaka leo kina Kirundi ndani yake. Mimi ananiita mukazana, ndiyo mkwe. Masikio yake yamepungua, ukitaka akusikie unamwendea karibu. Kambini alijifunza kufuma vitambaa kwa sindano, na hakuna kitu cha maana alichowahi kukiacha bila kitambaa: redio, chupa ya chai, Biblia, hata ndoo ya maji ya kunywa. Nilipoolewa nilimtania kwamba siku moja ataifunika na paka. Akanijibu kwamba yeye ameshakimbia nyumba akaacha kila kitu wazi, milango wazi, vyungu wazi, na alijiapia kwamba akipata kitu tena atakivisha. Sikumtania tena.

Yeye ndiye aliyeuza ng'ombe. Hakuombwa. Alisikia tunavyoshauriana, kesho yake akaenda Nyakitonto, akarudi na pesa, hana ng'ombe tena.

Vipande viliagizwa na mwenye duka mmoja wa Kasulu mjini, mzee wa Kiislamu ambaye ndugu zake wako Dar. Vilikuja kimoja kimoja, kwa basi, vimefungwa kwenye magodoro na mablanketi ya dukani kwake. La kwanza kufika lilikuwa kasha tupu la chuma. Mama mkwe alilizunguka, akalichungulia ndani, akamwambia mwanawe, "Ng'ombe wangu amerudi hana matumbo." Mume wangu alitabasamu. Matumbo yakafuata: ubao mkubwa ambao kila kitu huchomekwa hapo, prosesa ndogo ya kutosha kiganjani, ramu, feni, diski, na kadi ya picha, ndefu na nzito, ambayo ndiyo hasa iliyomla ng'ombe. Kwa hiyo pawa saplai, yaani kile kisanduku cha kugawa umeme, tulichukua ya rahisi. Mzee wa duka alituambia ile si imara sana. Tukasema tutaibadilisha mbele ya safari.

Tuliiunga mchana, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi. Meza niliisogeza kitandani. Yeye amelala ubavu, ana fimbo ya tete, ananionyesha kwa ncha yake. "Gusa chuma kwanza, usiguse ubao na mikono ya hivi hivi." Nikagusa chuma. "Ile pembe ya prosesa yenye alama ikutane na alama ya kwenye ubao. Usiisukume. Iweke tu, itakaa yenyewe." Ikakaa. "Sasa bana ile komeo." Nikabana, ikalia kwa ndani kama kitu kinachovunjika.

"Inavunjika," nikasema.

"Haivunjiki. Bana."

"Nakwambia inavunjika, nasikia."

"Mke wangu, bana hiyo kitu, unatetemeka nini?"

"Basi njoo ubane mwenyewe."

Neno likatoka. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na mimi ulimi wangu umejikwaa maisha yangu yote. Nilisimama pale na mikono yangu juu ya ule ubao, nasubiri ageukie ukutani. Hakugeuka. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mama yake akaja kufungua mlango kuuliza kuna nini, na vumbi likaingia, tukamfukuza wote wawili kwa pamoja. Nikabana komeo. Haikuvunjika.

Kuanzia hapo aliniita fundi. "Fundi, paka ile dawa ya kijivu juu ya prosesa, kidogo tu, ukubwa wa punje ya harage." Harage lipi, nikamuuliza, maana sisi wauzaji tunajua kuna harage na harage. "La njano," akasema. Nikapaka la njano. Nikafunga feni juu yake. Nikachomeka nyaya ambazo zilikuwa nyingi kuliko akili yangu, yeye akizitaja moja moja kwa rangi. Jioni ile ile tuliiwasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka ndani, kioo kikabaki cheusi. Nilikaa chini sakafuni. Nilimwona ng'ombe, nikamwona bosi, nikamwona mume wangu anautema uji.

Yeye akasema, "Ramu. Ulipoichomeka ililia upande mmoja tu. Nilisikia, nikadhani ni masikio yangu." Nikazima, nikaibana kwa kidole gumba, ikalia tik upande wa pili. Tukawasha. Maandishi meupe yakatokea kwenye kioo. Mama mkwe, ambaye hakujua yanasema nini, alipiga vigelegele kwa sababu aliona sura ya mwanawe.

Wiki zilizofuata ndizo ninazozikumbuka vizuri kuliko harusi yangu. Alifanya kazi na kibao cha chapati kifuani, kipanya juu yake. Nikirudi sokoni nasikia sauti yake tangu kwenye mihogo ya jirani, anazungumza na mama yake, anamtembeza ndani ya shule ambayo haipo. "Hapa ndio mlango, mama. Hapa ndio bwalo." Mama mkwe ameweka uso karibu kabisa na kioo. Siku moja akauliza akina mama wanaoleta watoto watakaa wapi wakisubiri. Mume wangu akaweka benchi pale nje, chini ya baraza. Mama akauliza kama mvua haitalifikia. Akalisogeza ndani kidogo. Nikajisemea, huyu mtu amerudi. Alikula ugali na dagaa, akataka na pilipili.

Ilikuwa kiangazi, na vumbi letu la Kasulu mnalijua wenyewe, jekundu, linapita hata palipozibwa. Mume wangu akamwambia mama yake, "Mama, nifumie kifuniko cha hii mashine. Ikizimwa iwe inafunikwa, vumbi lisiingie." Alimwomba kwa moyo mweupe, na mama alifurahi kama ameombwa kumbeba mjukuu. Alikifuma kikubwa, cheupe, cha kufika chini pande zote, na kwa kuwa vumbi hupita kwenye matundu ya kufuma, akakishonea ndani kitambaa kizito cha mashuka. Kila jioni mashine ikizimwa alikuja kuivisha. Mume wangu alimshukuru kila mara. Kuhusu maji alionywa, kuhusu jiko la mkaa alionywa, kuhusu kuku alionywa sana. Kwamba mashine ikiwa kazini inapumua, na kwamba joto ndilo adui yake mkubwa, hayo aliniambia mimi. Hakuna aliyefikiria kumwambia mama. Kwani alikuwa haivishi mpaka izimwe.

Filamu ya shule ilikamilika kuchorwa. Ikabaki kile alichokiita kuipika: mashine inaichora kila picha moja moja, maelfu, yenyewe, na kazi hiyo ingechukua siku mbili bila kupumzika, feni zote zikivuma. Wafadhili walikuwa wanafika Kibondo Jumatatu. Tuliianzisha Ijumaa asubuhi. Ili kuipunguzia mashine mzigo alizima kioo, akaniambia usishangae kikiwa cheusi, ndani inapika. Nilikaa nayo Ijumaa yote, nikaigusa ubavu kila nilipopita. Ilikuwa ya moto lakini si ya kutisha. Jumamosi nilikuwa na maharage shambani yamekauka, yakikaa siku moja zaidi yanapasuka yanamwagika. Nikamuuliza kama niende. Akasema, "Nenda fundi, imebaki kidogo, kesho asubuhi itakuwa imeiva."

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwetu. Nilijua. Wanajumuiya wangekuja, wangesali, wangemwombea mgonjwa, wangekunywa chai, wangeondoka, kama walivyofanya kwingine. Sikuona tatizo lolote.

Yaliyotokea nimeyapata kwa mume wangu, jioni, mdomoni mwake, na baadaye kwa waliokuwepo.

Mama mkwe aliamka akafagia, akamwagia maji uani, akamvika mwanawe shati la Pasaka. Wageni walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu habari ya mashine ilikuwa imefika hadi Kasulu mjini. Walipoanza kuingia chumbani, mama akaitazama mashine, akaona kioo cheusi, yaani imelala, na iko tupu mbele za watu. Akachukua kile kifuniko akaivisha mpaka chini. Juu yake, kwa kuwa ndiyo ilikuwa safi na imekaa vizuri karibu na mgonjwa, akaweka msalaba na mishumaa miwili. Ndiyo ikawa altare. Akawaambia watu kwa sauti, "Hii ndiyo kazi ya mwanangu. Nimeivisha mwenyewe." Watu wakasema amina, wakapiga makofi kidogo.

Mume wangu aliona yote. Alikuwa karibu nayo kabisa, lakini mkono wake ulikuwa haufiki. Alisikia feni zikibadilisha sauti chini ya kile kitambaa, zikipanda. Chumba kizima kilikuwa kinaimba. Mama yake alisimama mbele yake, amevaa kitenge chake kipya, shingo imenyooka.

Akanyamaza.

Alidhani sala itakuwa fupi. Alipiga hesabu kichwani mwake: mashine hizi hujipunguza zenyewe zikizidiwa, nusu saa itavumilia, hata zaidi, wakitoka nje kunywa chai atamwita mama polepole sikioni. Lakini alikuwa mgonjwa, na mgonjwa haombewi kwa haraka. Walisali rozari. Kisha kila mmoja akaomba kwa maneno yake. Walimwombea miguu, wakamwombea mgongo, wakaiombea na mashine, wakaweka mikono juu ya kitambaa, na mmoja akashuhudia kwamba anasikia joto, ni Roho. Sijatia chumvi. Hata mimi nilipoambiwa niliomba nirudiwe. Baadaye kidogo ikatokea harufu. Wanawake wakatazamana wakidhani ni maharage yameungua jikoni, mmoja akatoka kwenda kuangalia. Mlio mdogo ukasikika chini ya mishumaa, na feni zikanyamaza. Wakafunga sala.

Nilirudi na gunia langu kichwani, nikakuta wageni wa mwisho wanaaga. Nikaingia chumbani. Msalaba ulikuwa umerudishwa ukutani, kitambaa bado kimeivaa mashine. Nilikivuta. Ule moto ulinipiga usoni, na harufu ya plastiki iliyoungua, na nikaelewa kila kitu kwa wakati mmoja. Nikageuka kuelekea jikoni. Nilikuwa na maneno, Mungu anajua nilikuwa nayo, yalikuwa yamejaa mdomoni mpaka yananikaba. Nilikuwa naenda kumwambia mama mkwe wangu kwamba amemuua mwanawe kwa sindano ya kufumia.

Mume wangu akanidaka mkono. Sijui nguvu ile aliitoa wapi. "Usimwambie," akasema.

"Kwa nini hukusema? Mdomo wako pia umevunjika?"

"Ningesemaje? Ondoa msalaba? Mbele ya watu wale?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo."

Akanishika tu. Kisha akasema, "Huyu mama watu wamemwonea huruma maisha yake yote. Kambini, njiani, sokoni, kila mahali anaonewa huruma. Leo walimwonea wivu. Nilimtazama usoni, nikashindwa."

Mama mkwe akaingia na chai. Akatuona, akaona kitambaa kiko chini, akauliza kuna nini. Mume wangu akamwambia kwa sauti ya kutosha masikio yake, taratibu, kwamba umeme umekuja mkubwa ghafla, umeiunguza mashine. Mama akaweka chai chini. Akaulaani umeme kwa Kirundi, kwa muda mrefu, na mimi nikasimama pale nimeuma ulimi mpaka nikasikia chumvi.

Mzee wa duka aliituma kwa fundi anayemwamini. Pawa saplai ilikuwa imepasuka na imeondoka na ubao na kadi. Michoro ilikuwepo kwenye fleshi, salama kabisa, lakini michoro bila mashine ya kuipika ni sawa na unga bila sufuria. Bosi alipopigiwa Jumatatu akasema pole sana kaka, wageni ndio hao wanashuka kwenye gari. Shule ilipata mchoraji mwingine. Simlaumu. Muongo mimi, namlaumu, namlaumu sana, na huwa nikimwona Kibondo navuka barabara.

Mume wangu hakugombana na mtu. Aliacha kula kama alivyoacha mwanzo, kwa upole ule ule. Safari hii sikumtukana. Nilimbembeleza, nilimwahidi mashine nyingine, nilimwambia nitauza shamba. Akaniambia, "Fundi, mikono yako mizuri," na hilo ndilo jibu. Kidonda cha kiunoni kikachimba, homa ikaingia, hospitali ikasema mmechelewa kumleta. Alikufa wakati watu wanapanda maharage. Tulimzika Heru Juu kwenye mvua.

Watu walipotawanyika, tukabaki wawili, mimi na mama yake. Asubuhi moja tulikuwa barazani tunachambua mbegu. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Mukazana, mimi najua aliyemuua mwanangu."

Mikono yangu ikasimama. Nikafikiri kuna mtu amemwambia. Nikafikiri, afadhali, nami nitapumua.

"Ni mimi," akasema. "Si umeme. Wageni waliingia mashine ikiwa uchi. Waliiona yote, na jicho la mtu ni baya hata la msali rozari. Nilikuwa nahangaika na chai, nikachelewa kuifunika. Ningeifunika asubuhi na mapema, mwanangu angekuwepo."

Mimi ni mtu wa hasira, nimeshasema, na sijawahi kumeza neno ambalo mtu alistahili kuambiwa. Nilimtazama yule mama. Alikuwa analia bila sauti, na vidole vyake vinaendelea kutenga mbegu nzima na zilizotobolewa, bila kukosea. Nilimpenda na nilimchukia kwa kiasi kile kile, na mume wangu hakuwepo kunishika mkono.

Nikamwambia hapana, mama, ulikuwa ni umeme tu.

Akanishukuru. Aliniwekea mkono shavuni, akaniambia mimi ndiye mwana aliyebakiwa naye, kisha akaniomba nimfundishe namna ya kufunga zile skrubu, ili siku tukipata mashine nyingine anisaidie.